Bango la Mwenye Leseni

Jumatatu, tarehe 3

Nimeanguka tena kutoka kwenye ngazi. Nilikuwa namalizia bango la duka la viatu, mara nikaona wingu limeinama kama marehemu mama akifua. Nikageuka nimtazame vizuri. Puu! Kifundo cha mguu kimevimba. Viatu vyote vya dirishani vimepata rangi ya bluu.

Mke wangu hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tangu tumzike mama, miezi saba sasa, sijalia, silali, nachora mawingu tu kwenye kila bango, na yeye hataki kuwa mjane kwa ajili ya wingu. Amekwenda kwa dada yake. Atarudi nikimwona mwanasaikolojia. Mwenye leseni, alikazia, maana ananijua.

Mimi, mgonjwa? Haya. Nitapata barua ya mwanasaikolojia bila mtu kunigusa nafsi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi sina upara.

Jumanne, tarehe 4

Mji huu una wanasaikolojia wengi kuliko vinyozi! Nimechechemea mtaa hadi mtaa. Bango la kwanza, juu ya duka la dawa: MWANASAIKOLOJIA, MWENYE LESENI. Nikasimama. Herufi nzuri! Ile S inaogelea kama bata. Kwenye kona, kawingu.

Loo. Ni langu. La pili, langu. La tano, langu.

Nikakumbuka. Neno "mwanasaikolojia" peke yake huacha nafasi chini, bango likaonekana limepungukiwa. Kwa hiyo huwa nawaongezea MWENYE LESENI, bure, kwa moyo safi. Hajakataa hata mmoja.

Nilimuuliza yule wa tano kama leseni anayo kweli. Akanishangaa, akasema si imeandikwa pale nje?

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Jumatano, tarehe 5

Shemeji, kaka wa mke wangu, amenionea huruma, au amenicheka. Kwake ni kitu kimoja. Kasema baraza la wanasaikolojia lina orodha ya wenye leseni, mtu unauliza tu dirishani kwao. Ningeligundua hilo bila yeye.

Nimeuliza. Katika watano wangu, hayumo hata mmoja. Aliye karibu ni mwanamke wa ghorofa ya nne, nyuma ya soko la vitambaa. Nimepita mlango wake mara tatu bila kuuona. Hana bango! Karatasi tu, jina na namba, imebandikwa upande. Nani atamwamini mtu kama huyo?

Mpango: nimchoree bango, anipe barua. Nafsi yangu haihusiki.

Ijumaa, tarehe 7

Nimekwenda na kisanduku cha rangi. Viti viwili, pazia jeupe, feni inazunguka taratibu kama inawaza. Alisikiliza mpango wangu wote. Akasema barua hauzi, bango hahitaji, ila angependa kujua, kwa nini mawingu?

Nikasema mapambo. Akanyamaza. Yule mwanamke anajua kunyamaza! Pazia likajaa upepo, likashuka. Nikajikuta naeleza mama alivyokuwa akianika mashuka uani, nami mtoto napita katikati, weupe huku, weupe kule, namsikia anaimba, simwoni. Na kwamba siku aliyozidiwa nilikuwa juu ya ngazi. Waliponipigia simu niende haraka, nilisema namalizia herufi moja.

Nikalia. Jamani, nililia! Saa nzima, sijui imepita wapi. Akasema nirudi Ijumaa ijayo.

Nimerudi nikalala kama gogo hadi jioni. Nimeota mashuka.

Jumamosi, tarehe 8

Nimempigia mke wangu. Alisikiliza, akasema sauti yangu imerudi. Anakuja kesho saa nne. Nimefagia mpaka uvunguni.

Mwili mwepesi ajabu. Jirani fundi viatu akauliza nimefanywa nini. Nikamkalisha, nikamwambia aeleze yake, nikanyamaza. Akalia!

Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii? Viti viwili ninavyo. Pazia ninalo.

Jumapili, tarehe 9

Mke wangu amefika saa nne kamili, begi mkononi, anatabasamu. Nilikuwa juu ya ngazi, mlangoni kwetu. Akalisoma bango polepole. Nikamweleza ni msaada kwa majirani tu. Akauliza ule mstari wa pili unafanya nini pale. Nikasema bila huo, bango linapungukiwa.

Begi hakulitua. Ameshika njia ileile aliyojia. Nikamwita: arudi, rangi bado mbichi, inafutika! Akasimama. Akauliza, bila kugeuka, kama nashuka kufuta sasa hivi.

Nikasema ndiyo, nashuka. Namalizia herufi moja.