Kola za Mama Mkwe na Paka wa Hakimu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua. Kabla wiki haijaisha, kiti cha msomaji ni changu. Karakana yetu ya ushonaji ina utaratibu mzuri: mmoja hukaa dirishani akatusomea hadithi, sisi wengine tunashona, na kola ambazo angeshona yeye tunagawana. Ubaya ni kwamba msomaji ni mama mkwe wangu. Kutwa namshonea kola, yeye kakalia mto. Jioni mke wangu ananiambia mama kasema kola zangu zimepinda.

Zimepinda, sikatai. Nani atashona sawasawa mama yule akisoma? Leo ilikuwa ile ya zamani ya paka aliyelala kwenye kiti cha hakimu, kesi zikasimama kutwa kwa kukosa wa kumwamsha. Akimfikia paka hushusha sauti, na cherehani nazo hupunguza mwendo. Mimi nilisahau mguu kwenye pedali. Nikaishona kola pamoja na mkono wa shati nililovaa.

Msimamizi kanionya: kosa jingine, nahamia chumba cha pasi. Kule nyuma ya ukuta hadithi hazifiki.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Kitabu ni kikuukuu, kurasa zinachomoka zenyewe. Nikauficha ukurasa wa mwisho wa hadithi ya leo ndani ya kofia yangu. Mama mkwe akafika pale, akageuza, hola. Nikatayarisha uso wa masikitiko.

Akavua miwani akaendelea kwa kichwa. Paka wa mwashi, bwana wake kafa, kila jioni anakwenda kukaa juu ya ukuta ambao marehemu hakuumaliza. Mkata vitambaa akapenga kamasi. Mimi nikalia kabisa, nikavua kofia nijifutie. Ukurasa ukadondoka miguuni pake. Akauokota, akanishukuru kwa kumtunzia. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 6 Machi

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema; mimi sijakubali. Nimekuja na paka wa jirani ndani ya kikapu, avuruge usomaji. Nilipomfungulia alinipapura mkono, akavuka chumba chote, akapanda mapajani kwa mama mkwe akalala. Wote wamesema usomaji wa leo haujapata kutokea. Nami nasema hivyo hivyo, lakini humu tu.

Alhamisi, 7 Machi

Mama mkwe kaenda kung'olewa jino. Paka akiondoka, panya hutawala! Nikakalia mto. Mto mzuri.

Nikaanza ile ya paka wa bibi kiziwi, aliyepotelea mji wa pili. Nilishusha sauti kama yeye, nikanyamaza kidogo kama yeye. Ila paka alikuwa amefika mtoni, daraja limevunjika, na mimi nilitaka kujua. Nikatupa jicho mbele kidogo. Fundi wa vifungo akauliza paka kafanyaje. Nikamwambia angoje. Nikacheka peke yangu, nikajipiga paja. Nilipoinua uso paka alikuwa amefika nyumbani, hadithi imekwisha, nami nimeisoma yote kimoyomoyo. Chumba kizima kilikuwa kikinitazama, hakuna aliyeshona hata kola moja.

Kesho chumba cha pasi.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi nzima nimesikia mvuke tu. Nilibandika sikio ukutani, nikaambulia vumbi. Nilijua leo ni zamu ya paka wa hakimu kurudi mahakamani, na sitamsikia. Nilihuzunika kuliko siku niliyofukuzwa kazi ya kwanza.

Baada ya chakula mlango ukafunguliwa. Mama mkwe, shavu limevimba, anaburuta kiti chake. Kamwambia msimamizi atasomea hapa mlangoni, vyumba vyote viwili visikie. Msimamizi akauliza kwa nini ajisumbue. Akajibu kwamba yeye akisoma humtazama mkwewe: nikilia anajua hadithi imeingia, nikitoa macho anajua apunguze mwendo. Bila uso wangu anasoma gizani.

Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu yeyote. Kisha akasoma, jino halipo, na sauti bado ile ile. Hakimu na paka wakakalia kiti kimoja kwa zamu. Mwanamke yule hana mfano, nitabisha na atakayekataa. Nimeunguza mashati mawili.

Halafu nimeona jambo. Zamani kiti kilikuwa kule dirishani, mbali. Sasa kipo mlangoni, karibu kabisa na pasi yangu, na mama mkwe hutoka kunywa maji kila baada ya hadithi. Jumatatu nitakuja mapema.