Sifuri Yenye Kitovu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Bandari ya Al Hamriya, hapa Dubai, imesimama juu ya vidole vyangu viwili. Sijisifu. Friji, feni, godoro, kitanda cha bibi harusi, chochote kinachopakiwa hapa kwenda Mombasa au Bosaso lazima kwanza nikiandike mimi, Zein, kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta. Nikipiga chafya, Afrika nzima inalala chini.

Leo vidole vimesingiziwa. Friji la mtu wa Mombasa limeshuka Bosaso. Tajiri mmoja, wa Bosaso, hutia mizigo yake tagi DO18, kwa herufi O. Tajiri mwingine, wa Mombasa, hutia D018, kwa sifuri. Pacha wa namna hiyo mtu anawatofautisha vipi?

Arbab Yaarub, bosi wetu, kaniita. Mama yake kazaliwa Unguja, kwa hiyo hunigombeza kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Kasema hilo ni kosa la tatu. La nne likitokea kabla ya Alhamisi jioni, khalas, narudi ghalani kusukuma toroli. Ghalani! Mwezi wa Agosti! Uwanja ule hata paka anauvuka kwa kurukaruka.

Na kule Lamu mke wangu Mwanatumu keshawatangazia watu kwamba mimi ni mkuu wa kompyuta. Habari hizo kazipata wapi? Kwangu.

Irshad wa Malindi, anayekaa meza ya mbele yangu, kasema kwa sauti ofisi nzima isikie: "Ami Zein, kosa si la tagi, ni la macho. Kanunue miwani." Miwani! Mimi niliyewahi kuuona mwezi wa Idi saa tisa mchana, nikaambiwa ninyamaze nisiwavuruge mashekhe!

Lakini alhamdulillah. Arbab angeweza kunifukuza leo leo. Kanipa siku.

Jumapili, 3 Agosti

Nimekwenda Al Barsha kwa Rumaisa, binti wa marehemu kaka yangu. Anaandika programu za kompyuta. Kipaji hicho kakirithi kwangu.

Nimemkuta na kochi jipya. Kalivua nailoni siku ile ile lilipoletwa! Nimemlaumu sana. Godoro langu lina mwaka wa sita ndani ya nailoni yake. Nikigeuka linalia kama bata, lakini ni jipya. Litafika Lamu likiwa jipya. Rumaisa kacheka, kasema Ami, wewe hata rimoti umeivisha kanzu. Ndiyo. Na haijawahi kuugua.

Kanipeleka kwenye duka la miwani, kule wanakopima bure. Nimesoma ubao wote mpaka jina la kiwanda pale chini. Mpimaji kasema macho mazima, ajabu kwa mtu wa miaka arobaini na tisa. Nimeomba karatasi yenye muhuri. Nitaibandika mbele ya pua ya Irshad.

Basi kama si macho, kasema Rumaisa, huenda ni fonti, yaani umbo la herufi mnazotumia. Kaniuliza tunatumia ipi. Nimemjibu kwa kujiamini: ya kawaida.

Kanieleza nikiwa nakula biriani yake. Kazi ya orodha na tagi inataka herufi za upana mmoja. Kila herufi inapewa nafasi sawa, kama vitanda vya chumba cha wafanyakazi: mnene na mwembamba, kila mtu kitanda kimoja. Hapo safu zinasimama wima, na kilichopotea unakiona. Halafu fonti nzuri haifananishi watu. Moja iwe na mguu, l ndogo iwe na mkia, na sifuri iwe na doa katikati isiitwe O. Kaniandikia jina kwenye karatasi: DejaVu Sans Mono.

Namshukuru mtoto huyu. Ila upande wa uzuri bado mchanga.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechagua fonti yangu mwenyewe.

Kwani nani kanishinda kujua mwandiko mzuri? Mimi ndiye niliyeandika kadi za harusi tatu, moja ikaenda mpaka Muscat. Nimeitafuta ile yenye mikia na mawimbi, inayotembea kama bibi harusi. Dirisha jeusi limeikubali kwa shingo upande.

Saa moja ya utukufu! Kisha safu zikaanza kulewa. Idadi ikahamia chini ya uzito, uzito ukahamia kwa jirani. Feni arobaini zikawa feni moja ya kilo arobaini. Sikuona. Nilikuwa nikistaajabia herufi F.

Irshad kaiona orodha kabla haijapelekwa. Kanitazama. Kaisahihisha mwenyewe, mstari kwa mstari, wala hakumwambia arbab. Kasema tu: "Ami, hii ni orodha ya mizigo au mwaliko wa nikahi?"

Nimemwambia nilikuwa namjaribu kama yuko macho. Namshukuru, lakini kimoyomoyo. Ukimshukuru mtu wa Malindi kwa sauti, utaisikia habari hiyo mpaka unazikwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetia fonti ya Rumaisa. Sifuri imetoka na doa tumboni, kama kitovu. Moja ina mguu. Safu zimenyooka kama watu kwenye swala. Kweli ni nzuri, nitasema nimeigundua mimi.

Ila bado ukungu! Kitovu nakiona nikiinamisha shingo kulia tu. Nikinyooka, kinapotea. Macho yana cheti, fonti ina kitovu, sasa ubaya uko wapi? Nimekata shauri: ni kijicho cha watu.

Nimezikuza herufi. Nikazikuza tena. Mpaka tagi moja ikajaza skrini nzima, na ili kuona inayofuata lazima niteremke kama mtu anayeshuka ghorofa. Nimeandika mizigo kumi na minne toka asubuhi. Irshad huandika mia. Kaniuliza kama naandika tagi au bango la Sheikh Zayed Road.

Arbab kapita nyuma yangu, kasimama, kaitazama ile tagi moja, kaondoka. Mtazamo wake umenitia baridi kuliko kiyoyozi. Nimeiona toroli yangu ya zamani kule mlangoni. Gurudumu moja bado linachechemea.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia Rumaisa. Sikumwomba msaada. Nimemwambia aje aone fonti yake inavyoniaibisha. Kaomba ruhusa kazini, kapanda metro na teksi, kafika wakati wa chakula na sambusa mkononi. Mungu ambariki.

Kakaa kitini kwangu. Kainamisha shingo kulia. Kaniuliza, "Ami, hii skrini mmeipata lini?" Mwezi wa Mei, nikasema, arbab katuletea mpya sote. Kisha kapitisha ukucha pembeni ya kioo.

Nailoni ya kiwandani. Bado iko. Nimeilinda miezi mitatu, naifuta kila asubuhi kwa pindo la shati mpaka imekwaruzika yote na kugeuka maziwa. Nimemweleza sababu, na sababu ni nzuri: arbab akinunua mpya, za zamani hutugawia. Hiyo skrini nimeshamwahidi Mwanatumu. Itafika Lamu haijaguswa na hewa.

Rumaisa kaibandua. Krrrrr! Moyo wangu umetoa sauti ile ile. Ofisi nzima imegeuka. Irshad kaweka kichwa juu ya meza, mabega yanatikisika, nikadhani analia kwa kunihurumia.

Halafu nikatazama. Subhanallah. Kila sifuri na kitovu chake. Herufi nimezipunguza mpaka ukubwa wa kawaida, na mistari yote imeonekana mara moja, kama kijiji ukikitazama toka kilimani.

Nailoni nimeomba niitupe mwenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Mizigo mia mbili na kumi na miwili. DO18 na D018 wamekuja tena, wote wawili, orodha moja! Arbab kasimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Nimetafuta kitovu. Hii inacho, hii haina. Huyu Mombasa, huyu Bosaso. Yalla!

Saa kumi na moja Irshad kakagua orodha yote. Kosa hakuna. Hata moja. Kalitangaza yeye mwenyewe, kwa sauti ile ile aliyosemea habari ya miwani.

Arbab kasema kiti ni changu. Kaniuliza nimetumia dawa gani. Nimemweleza kwamba nimefanya utafiti wa siku sita juu ya fonti za upana mmoja, na wataalamu wa Al Barsha wamekubaliana nami. Irshad kakohoa. Nimemnunulia chai ya karaki, nikamwambia imezidi tu. Kainywa huku anatabasamu.

Nimempigia Mwanatumu. Kafurahi mpaka kapiga kigelegele simuni. Nimeiweka simu mbali na sikio, machozi yamenitoka. Ni kiyoyozi.

Nina watu. Wengi wana skrini, mimi nina watu.

Ijumaa, 8 Agosti

Wenzangu wametangulia msikitini. Nimesema nawafuata.

Arbab keshaagiza ofisi nzima itumie fonti yangu. Ndiyo, yangu. Baada ya swala nitawafundisha habari za kitovu, bure, kwa kushukuru. Mtu asiwe mchoyo wa elimu.

Jambo moja dogo, na daftari hili lisimwambie mtu. Nailoni sikuitupa. Niliikunja nikaitia chini ya godoro, ikawa usiku kucha bata wananililia wawili. Na leo skrini nimeikuta na vumbi. Vumbi! Siku mbili tu uchi! Basi nimeirudisha, polepole, nikaibana pembe zote nne kwa gundi ya karatasi. Haionekani kabisa ukisimama mlangoni.

Ila kesho itabidi nimpigie Rumaisa. Ile fonti yake imeshaanza kufifia.