Mashine Iliyokuwa Inaendelea Kuwaka

Kwa niaba ya Ofisi ya Uratibu wa Maombi ya Umma, Voi, nina heshima kutangaza kwamba mashine yetu ya kurekodi picha za kamera haikuharibika hata siku moja. Hayo ni maneno ya watu wa nje. Mashine ilikuwa inawaka. Ni kweli iliwaka kwa siku kumi na mbili bila kumaliza, lakini hakuna sheria inayoweka kikomo cha muda wa kuwaka.

Mimi ni Elijah Mutinda, Afisa Mwandamizi wa Taratibu. Nilikuwepo tangu mwanzo, na nitaeleza mambo jinsi yalivyotokea.

Jumatatu asubuhi alifika mapokezi Mwalimu Tryphena Mghoi, mwalimu mstaafu wa Makwasinyi, mama mfupi mwenye sauti ya kufika mwisho wa uwanja. Kijiji chake kilikuwa kimeandika ombi la kuvutiwa bomba la maji. Alisema alilileta yeye mwenyewe Ijumaa iliyopita, saa nane na dakika arobaini mchana, akamkabidhi Mkurugenzi mkononi. Nikampa barua yetu rasmi, iliyosema kwamba ofisi haikupokea ombi lolote kutoka Makwasinyi. Barua hiyo niliiandika mimi, na aya yake ya pili bado inanifurahisha.

Aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Mutinda, kina mama kwetu wanaamka saa kumi alfajiri kwenda kuchota maji. Wanapishana na ndovu njiani. Mimi nimepanda bodaboda mpaka Maungu, kisha matatu mpaka hapa, vumbi mpaka kwenye meno, nimeleta faili lenye sahihi mia nne na kumi na mbili. Halafu unaniambia sikuja?"

"Mwalimu, hatusemi hukuja. Tunasema kuja kwako hakukupokelewa."

Akanyoosha kidole juu ya mlango.

"Ile si kamera?"

"Ni kamera."

"Basi angalieni kamera."

Lilikuwa wazo zuri, na nikaliandika kwenye daftari. Shida ni kwamba mashine inayohifadhi picha zote, iliyo juu ya kabati katika ofisi ya Mkurugenzi, ilikuwa imezimika Ijumaa hiyohiyo, na tangu iwashwe upya haikuwa imefika popote. Nembo ya kampuni ilitokea kwenye skrini. Kiduara kikazunguka. Mashine ikalia *pii* mara moja, skrini ikawa nyeusi, kisha nembo ikatokea tena. Kila baada ya sekunde arobaini, usiku na mchana, bila posho.

Mkurugenzi wetu, Bwana Donald Nzau, hakubabaika. Aliunda Kamati Maalumu ya Kufuatilia Uwakaji, yenye wajumbe watano, mimi nikiwa katibu.

Kikao cha kwanza kiliazimia kwamba mashine isiharakishwe. Kikao cha pili kilibadilisha waya wa televisheni, kikahamisha kipanya kutoka tundu moja hadi jingine, na kikaigonga mashine ubavuni mara mbili, kwa kibali. Mashine ikasema *pii*. Kikao cha tatu kilijadili kama inaweza kuzimwa, lakini ikagunduliwa kwamba fomu ya kuzima kifaa inahitaji saa ambayo kifaa kiliwaka, na chetu kilikuwa bado hakijawaka.

Muinde, bawabu wetu, alichungulia mlangoni akiwa na birika la chai.

"Mimi naona mumwite tu fundi. Pale nyuma ya steji ya matatu kuna Katuku. Hata redio yangu alitengeneza."

Mkurugenzi alimuuliza yeye bawabu ana cheti gani cha mambo ya kamera. Muinde akasema hana. Tukayaingiza maneno yake kwenye kumbukumbu kama maoni ya umma.

Siku hizo zote Mwalimu Tryphena alikuwa analala kwa binamu yake mtaa wa Kaloleni, hapahapa mjini, na kila asubuhi saa mbili kamili alikuwa kwenye benchi letu. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Imewaka?" Nilimjibu: "Inaendelea." Nakiri kwamba kufikia Alhamisi nilikuwa napitia mlango wa nyuma. Si kwa woga. Ni kwa ajili ya mazoezi.

Wiki ya pili, siku ya Jumanne, simu ililia. Mwenyekiti wa Bodi inayosimamia ofisi yetu, Bi. Carolyne, angefika kesho yake kuifunga orodha ya vijiji vitakavyopata maji. Kijiji kisichokuwemo kingesubiri awamu nyingine, baada ya miaka mitatu. Hilo halikumsumbua Mkurugenzi. Kilichomsumbua ni kwamba Bi. Carolyne alitaka pia kuona ule "ufuatiliaji wa kisasa wa saa ishirini na nne" tuliouandika kwenye ripoti ya mwaka.

"Mutinda," akaniambia, "yule fundi wa nyuma ya steji anaitwa nani?"

Katuku alifika Jumatano saa tatu asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkoba begani, bisibisi mfukoni. Nilianza kumsomea kumbukumbu za vikao. Akaniomba ninyamaze kidogo asikilize mashine.

*Pii.* Giza. Nembo.

"Inarudi mwanzo," akasema. "Imekuwa hivi kwa muda gani?"

"Siku kumi na mbili," nikasema.

"Na mmekuwa mkifanya nini?"

"Tumekuwa tukiifuatilia."

Alichomoa waya wa stima. Mkurugenzi alishtuka kama mtu aliyechomolewa yeye. Katuku akafungua skrubu nne, akaondoa kifuniko, akang'oa waya mdogo uliokwenda kwenye diski ya kuhifadhia picha, akawasha tena. Nembo ikatokea, kiduara kikazunguka, na kabla dakika haijaisha picha za kamera zote nne zikajaa kwenye skrini. Nilijiona nimesimama nyuma ya Katuku nikiwa nimeshika kalamu.

"Mashine ni nzima," akasema. "Ila bila diski haina kumbukumbu. Sasa tuone kwa nini diski inaiangusha." Akaishika adapta inayoipa mashine umeme, akayasoma maandishi yake madogo. "Ah. Hii ni ya modemu, boss. Ampea moja tu. Diski ikianza kuzunguka, nguvu inakatika, mashine inaanza upya. Adapta yake iko wapi?"

Mkurugenzi alikohoa. Katuku alikuwa tayari amepiga magoti, anafuata waya mwingine uliotoka ukutani. Ulimpeleka chini ya meza kubwa, hadi kwenye kifaa cheusi chenye matundu mawili ya kuingiza miguu.

"Hii hapa. Kumbe inakanda miguu."

"Ilihamishwa kwa muda," Mkurugenzi akasema. "Miguu ya Mkurugenzi ni rasilimali ya umma."

Katuku akarudisha kila kitu mahali pake, akawasha. Mashine ikawaka yote, pamoja na diski. Wakati huohuo gari la Bodi likaingia uani.

Bi. Carolyne ni mtu wa maneno machache. Mkurugenzi alimkaribisha, akampa kiti cha wageni, yeye mwenyewe akaketi kwenye kiti chake kikubwa nyuma ya meza. Akaeleza kwa dakika kumi jinsi hakuna kinachotendeka ofisini kwetu bila kuonekana. Mlango ulikuwa wazi. Mwalimu Tryphena aliinuka kwenye benchi, akaingia, akasalimu vizuri.

"Madam, mimi ni wa Makwasinyi. Nilileta ombi Ijumaa ile, saa nane na dakika arobaini. Wanasema sikuja. Naomba tuangalie hapo tu."

Mkurugenzi alisema utaratibu wa kutazama unahitaji siku ishirini na moja. Bi. Carolyne akamgeukia Katuku. "Inaweza kuonyesha sasa?"

"Hata sasa hivi."

Picha ilikuwa safi sana. Mwalimu Tryphena anaingia, anatoa faili nene la bluu, anamkabidhi Mkurugenzi kwa mikono miwili. Mkurugenzi analipokea, wanaagana. Akibaki peke yake, anajipepea nalo dakika kadhaa, maana Voi ilikuwa na joto siku hiyo. Kisha anatazama kiti chake, ambacho sponji yake imezama katikati. Anaweka faili kwenye kiti. Anaketi. Anajitikisa kulia, anajitikisa kushoto. Anatabasamu.

Baadaye anaonekana akipanda juu ya stuli kuifikia adapta ya mashine, mkono wake unakuja hadi unaziba kamera yote, na picha inakatika. Mtu aliyeshikilia stuli hatambuliki vizuri, ingawa amevaa koti linalofanana na langu.

Sote tulikitazama kiti cha Mkurugenzi, ambacho Mkurugenzi alikuwa amekikalia.

"Bwana Nzau," Bi. Carolyne akasema, "tafadhali inuka."

"Madam, nitainuka mara tu baada ya kikao."

"Inuka sasa."

"Kuna masuala ya itifaki..."

Mwalimu Tryphena alisogea hatua moja mbele. Hakupandisha sauti, ila aliitoa ile nyingine, ya miaka thelathini na nne ubaoni.

"Donald. Simama."

Alisimama. Hata mimi, niliyekuwa nimesimama, nilisimama zaidi. Muinde, pale mlangoni, aliweka birika chini na kusimama wima.

Faili lilikuwa pale, limebonyea katikati, bado lina joto. Bi. Carolyne alilichukua kwa ncha za vidole, akafungua ukurasa wa kwanza, akaona tarehe, akaona sahihi mia nne na kumi na mbili, nyingine za dole gumba. Akachukua orodha na kuandika Makwasinyi kwa mkono wake. Kisha akamwomba Mkurugenzi amfuate kwenye gari, na aje na mashine yake ya miguu, kwa kuwa hangerudi ofisini siku hiyo wala zilizofuata.

Nikabaki na Mwalimu. Macho yake yalikuwa mekundu, akajifuta kwa upindo wa leso, akaketi mbele ya meza yangu.

"Sasa niandikie risiti ya kupokelewa."

Niliandika kwa uangalifu wote wa kiofisi, nikagonga muhuri, nikampa. Aliisoma, akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, akayazungushia duara maneno mawili.

"'Limepokewa' haliandikwi 'rimepokewa'. Na Makwasinyi huanza kwa herufi kubwa. Rudia."

Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu akanipa alama ya vema, nami risiti hiyo nimeomba nakala yake, kwa ajili ya faili langu binafsi.