Nyuzi za Babu Alawi

Jumatatu, 10 Juni 1974

Baridi. Ukungu umeingia hadi darasani. Asubuhi, katikati ya uji, Babu Alawi alitangaza kwamba uzi wa kushonea kofia ukiisha anaacha kazi, anahamia Kilwa kwa dada yake. Macho yamechoka na hakuna anayetaka kujifunza. Alisema kama mtu anayeomba sukari! Tangu Baba afariki tumebaki wawili tu katika nyumba hii ya mtaa wa Bagamoyo, huku milimani kusini ya Mbeya. Nilitaka kumwambia asiende. Nikamwambia uji umepoa.

Nimekagua kasha. Vibunda vitatu vya uzi. Lazima nipate mpango.

Jumanne, 11 Juni

Mpango wa kwanza: nimefumua mkono wa sweta ya shule na kuongeza uzi kwenye kasha kwa siri. Babu ameuliza pamba imeanza lini kuota ya kijani. Nimeshinda mkono mmoja ukipigwa na baridi.

Jumatano, 12 Juni

Mwalimu anasema ofisi ya utamaduni ya wilaya inasaidia mafundi na wasanii. Nilizunguka jengo lao mara nne kabla ya kuingia. Ndani nikamkuta Ackson wa darasani kwetu, anaombea ngozi kikundi chake cha ngoma, na Afisa Utamaduni, Ndugu Pudensiana aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, anacheka! Ackson anaongea na wakubwa kama amezaliwa nao.

Zamu yangu ilipofika hotuba yote ikapotea. Nikavua kofia nikampa. Aliinyanyua dirishani, akatazama mwanga ukipita kila kitobo, akauliza nani mwenye mkono huu. Babu, nikasema. Akaeleza kwamba ofisi inaweza kuleta kitambaa, uzi na wanafunzi, na kututafutia meza kwenye maonyesho ya Saba Saba kule Mbeya, ila kwanza aone kazi. Atakuja Jumamosi. Akanipa fomu.

Mlangoni Ackson akaniuliza, "Saad, leo umesema maneno mangapi? Matatu?" Moja! Lakini limetosha.

Alhamisi, 13 Juni

Fomu inataka vipimo: ndogo, ya kati, kubwa. Babu hana kitu kama hicho. Anakizungushia kichwa cha mtu uzi, anafunga fundo, anautundika ukutani kwenye msumari wake. Nyuzi themanini na tisa, bila jina hata moja. Ovyo kabisa! Na Afisa anakuja keshokutwa.

Babu alikwenda msibani Kiwira. Nikateremsha zote, nikazinyoosha juu ya rula, nikazifunga mafungu matatu. Nikaandika lebo kwa wino mwekundu. Nikafuta ukuta. Sijawahi kufanya kazi nadhifu kama hii. Nikaketi kungoja sifa.

Babu alirudi alasiri, akasimama mbele ya ukuta, akaketi bila kuvua viatu. Kisha akanieleza taratibu. Ule msumari wa katikati ulikuwa msikiti. Wa kushoto mtaa wetu, wa kulia barabara ya Kiwira, wa chini njia ya Masoko. Kila mtu alining'inia pale anapokaa. Akifa mtu, uzi wake huteremshwa. Isipokuwa mmoja, karibu na mlango. Wa Baba.

Hakunifokea. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 14 Juni

Baada ya sala Babu alisimama na kuwatangazia watu kwamba mjukuu wake msomi amevikusanya vichwa vyao kama maharage, kwa hiyo kila mtu amletee chake kesho akipime upya. Mzee Mrisho, fundi viatu, alicheka hadi akashika nguzo. Nilitoka kwa mlango wa nyuma.

Jumamosi, 15 Juni

Foleni! Kutoka barazani hadi dukani kwa Mwanaharusi. Wazee wa Masoko walianza safari alfajiri, kwenye manyunyu. Babu anapima, anatafuta uzi unaolingana, anautundika. Anauliza habari za watoto, za ng'ombe, za kahawa. Sijamwona akiongea hivi tangu msiba wa Baba.

Ndugu Pudensiana akafika katikati ya hayo. Nikampa fomu. Akaisoma, akatazama foleni, akaikunja na kuitia mkobani. Akasema namba si kitu. Mtu anayetembea kutoka Masoko kwenye mvua kufuata kofia, huyo ndiye aliyetaka kumwona, na ukuta ubaki ulivyokuwa. Ataleta majora mawili ya kitambaa, kasha la uzi, na wanafunzi sita mara tatu kwa wiki, hapa hapa barazani. Babu akalalamikia macho. Akajibiwa kwamba mwalimu anahitaji mdomo, macho watamwazima wanafunzi.

Babu akauliza wanafunzi gani. Wa kwanza kunyoosha mkono, kule kwenye foleni, ni Ackson! Babu akampima, akasema kichwa nje ni kikubwa, ndani hajapima.

Jumapili, 16 Juni

Nyuzi zote zimerudi kwao. Umebaki mmoja mezani. Tuliutazama. Babu akaniita, akanizungushia kichwani. Fundo likakutana na ncha, sawasawa.

"Kumbe umefika," akasema. Akautundika karibu na mlango, akakunjua kitambaa, akaanza kukata.

Amemwandikia dada yake Kilwa kwamba haji. Akiwa anakata akasema ningemwambia tu "Babu, usiende," angebaki, na ukuta wake ungesalimika.

Ninaandika hapa nisisahau: sema wazi. Ni rahisi hivyo!

Jumamosi, 22 Juni

Nimevaa kofia mpya. Babu anasema mishono ya Ackson ni mizuri kuliko yangu. Tutaona.

Jioni nilipeleka kiatu kwa Mzee Mrisho. Akaniambia anafikiria kufunga duka ahamie Mbeya kwa binti yake. Hakuna anayetaka kujifunza. Nilitaka kumwambia tutamkosa. Nikamwambia soli imekaa vizuri.

Lakini nimeona jambo. Nyayo za mji mzima amezichora kwenye vipande vya boksi, na vyote vimerundikwa kwenye gunia. Hakuna namba. Hakuna utaratibu wowote! Kesho anakwenda harusini. Nimeshamwomba ufunguo, nikamwambia nataka kumfagilia.

Rula ninayo. Wino mwekundu upo.