Mkusanyaji wa Miswada ya Marabi, Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Novemba
Siku ya kumi na moja simu haijalia, ukiacha ujumbe wa duka la dawa. Binti yangu Siham yuko Manchester, kazi zimemzidi. Mlango unaotazamana na wangu, hapa Tottenham, London, anakaa Bhanu, Mhindi wa Mombasa, mfamasia mstaafu. Anakusanya stempu. Wiki iliyopita walikuja watu watatu kuzitazama. Niliwahesabu kwa tundu la mlango. Wakacheka humo ndani saa nzima. Kwa stempu!
Nimeamua. Nami nitakuwa mkusanyaji. Vitabu adimu vya Kiyahudi na miswada ya marabi, wanazuoni wao. Stamford Hill, mtaa wa Wayahudi, si mbali kwa basi, na jengo zima hakuna aliye navyo.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepata! Duka la mitumba la kanisa. Kitabu cha Kiebrania, jalada la ngozi, mgongo umechanika. Nimekipaka kahawa kila ukurasa kizidi kuzeeka, nikakianika juu ya hita. Kimevimba kama mkate.
Nikamvizia Bhanu kwenye lifti. Nimemwambia nimerithi muswada wa rabi wa Yemen, wa miaka mia tatu, babu yangu aliuweka Unguja. Babu yangu alikuwa dobi. Uongo ulitoka wenyewe. Bhanu alinikodolea macho mpaka chini. Ushindi!

Alhamisi, 6 Novemba
Balaa. Bhanu anamjua mtaalamu: Bwana Zelman wa Stamford Hill, mkusanyaji wa miswada tangu ujana wake. Amemwalika Jumapili. Nyumbani kwangu!
Nimepiga deki mara mbili. Nimenunua kiti cha pili.

Jumapili, 9 Novemba
Zelman amekuja. Mzee mfupi, kofia nyeusi. Bhanu nyuma yake, anatabasamu. Zelman alifungua kitabu, akakinusa. Akaniuliza kwa upole, “Babu yako alipenda sana kahawa?” Kisha akasema ni kitabu cha sala, kimechapishwa hapa hapa London mwaka 1958, kila nyumba ya Kiyahudi ilikuwa nacho. Bhanu alicheka hata akaangukia kiti changu kipya.
Zelman hakucheka. Ukurasa wa mwisho alikuta maandishi ya penseli, ya mtoto: mama ananisema nalala kwenye sala, na mimi silali, nafumba macho tu. Aliyasoma mara mbili. Akasema miswada yake mingi ni barua za watu waliomwuliza rabi mambo madogo kama hayo: kuku wa jirani, mke aliyenuna. Anayo chumba kizima. Tangu mkewe afariki hana wa kukaa naye kufungua maboksi. Niende Jumanne saa tisa. Atanifundisha kusoma Kiebrania. Kwa kuwa nimesoma Kiarabu chuoni, herufi hazitanishinda.
Walipoondoka nikafikiri sana. Kama hakina thamani, kwa nini amekisoma mara mbili? Anataka nitoke nyumbani Jumanne. Ili Bhanu aingie akichukue! Mimi si mjinga.

Jumanne, 11 Novemba
Sikwenda. Nimekaa na kitabu mapajani tangu adhuhuri. Saa tisa simu ikalia. Sikupokea. Saa tisa na nusu ikalia tena. Jasho! Saa kumi Bhanu akagonga, akasema mzee anasubiri, ametandaza miswada yote mezani. Nikabana pumzi. Akaenda yeye. Amerudi baada ya isha, anaimba.

Jumanne, 18 Novemba
Bhanu kaenda tena Stamford Hill. Inasemekana anajua nusu ya herufi zao. Lakini kitabu hajakipata!
Kwa usalama nimemwita fundi abadilishe kufuli. Anaitwa Fortunat, Mkongo, mcheshi sana. Amekaa dakika arobaini. Amekunywa chai vikombe viwili. Ameniuliza kwetu ni wapi, na nilipomtaja Siham akauliza kama hajambo. Nimemwonyesha muswada, akasema kweli unaonekana wa zamani mno. Wakati wa kuaga akanihakikishia kwamba kufuli hii haiharibiki miaka ishirini.
Tutaona. Nimeshaingiza njiti ya kibiriti kwenye tundu la ufunguo, nikaivunjia humo. Nambari ya Fortunat ipo kando ya simu.