Umande Uliotulia

Ilitangazwa rasmi kwamba kuanzia Jumatatu ile, hakuna ndege ndogo itakayochelewa kuruka magharibi ya Alaska. Jalidi nayo, ile barafu nyembamba inayoganda juu ya vitu usiku, ilibadilishwa jina. Kwa mujibu wa Waraka Namba Saba, sasa iliitwa "umande uliotulia", na umande haujawahi kumzuia mtu safari.

Mkurugenzi wa Kuruka kwa Wakati, Bwana Thorvald Pruett, alikuja mwenyewe kijijini Nanvarpak kusimamia utekelezaji. Alimkuta rubani Nastasia Wassillie juu ya ngazi, akikwangua bawa. Ndani ya ndege alikuwamo abiria mmoja, Bibi Akulina, aliyekuwa akienda kutibiwa macho.

"Unafanya nini, mama?"

"Naondoa jalidi, bosi."

"Unaondoa nini?"

Nastasia alishusha pumzi. "Umande uliotulia. Umetulia mpaka umekuwa kama msasa. Ndege hii haitanyanyuka."

"Zimebaki dakika nne. Shuka, uruke."

Miaka kumi na tisa Nastasia alikuwa amerusha ndege pale, na wenzake wawili alikuwa amewazika. Alishuka kweli, ila alifungua mlango akamshika bibi mkono. "Twende, bibi. Leo hatusafiri."

"Nimekusimamisha kazi!" Pruett alifoka. Naye alikuwa na leseni ya urubani, aliyoitunza vizuri kabatini. Akaingia, akawasha injini, akaondoka kwa wakati barabara.

Ndege ilikimbia. Ikakimbia tena. Mwisho wa uwanja ilijikongoja hewani kimo cha mbwa, ikafikiri, kisha ikajitupa kifudifudi kwenye lundo la theluji.

Nastasia alifika wa kwanza kwa pikipiki ya theluji. Alimvuta nje mzima, pua tu ikivuja damu, akampeleka nyumbani kwa Bibi Akulina. Pale Pruett aliinyakua redio ya mawasiliano.

"Makao makuu! Nimeanguka! Leteni ndege haraka!"

Karani alipekua karatasi. "Samahani, mheshimiwa. Ndege yako imeandikwa imeondoka kwa wakati na kufika salama. Wajumbe wapo hapa na maua, wanakupongeza."

"Lakini mimi niko huku!"

"Taarifa hiyo haina fomu, mheshimiwa."

Redio ikanyamaza. Nastasia aligeukia dirishani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Bibi Akulina alipapasa meza, akamsogezea mgeni kipande cha samaki mkavu.

"Kula, mwanangu," alisema. "Safari ilikuwaje?"