Sababu Kumi na Tisa za Kumtoa Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Miaka mitatu! Kaka yangu kapigwa miaka mitatu kwa kuvunja duka la vyombo vya umeme na kuiba pasi nne na feni. Mali zenyewe hazikupatikana. Mama kalala kifudifudi tangu Ijumaa. Chakula hagusi. Geti likilia ananyanyua kichwa, akiona ni mimi anakirudisha.

Leo nimechukua nakala ya hukumu. Kuomba kwa mdomo nisingeweza, mbele ya wageni huwa siongei, kwa hiyo nimemsukumia karani wa mahakama kikaratasi dirishani. Akauliza, kwa sauti ya kuitia kuku, kama mdomo nimeuacha nyumbani. Foleni nzima ikacheka. Huyu karani nimemweka moyoni.

Hukumu imeandikwa kwa lugha ya darasani, na nyumbani kwetu anayeisoma bila kukwama ni mimi tu. Nimeimaliza nikiwa nimesimama. Makosa matupu! Eti mlango wa nyuma wa duka ni wa kijani. Ni wa buluu! Kwetu shule hiyo ni maksi mbili zimekwenda. Mtu afungwe kwa kazi ya ovyo namna hii?

Nakiri humu, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: najua Kaka aliingia mle dukani. Aliniambia mwenyewe. Lakini hilo ni jambo jingine.

Jumatano, 5 Machi

Kaja Msomi. Binamu yetu, mtoto wa Mama Mkubwa, yuko mwaka wa pili chuo cha sheria. Ana mkoba mweusi wa ngozi. Nimeuchungulia: chanuo na soksi. Mama kainuka kitandani kwa ajili yake! Kwangu hakuinuka.

Msomi akasema rufaa lazima ifike mahakamani ndani ya siku kumi na nne, na sababu ni moja tu, inatosha. Aliyemtaja Kaka ni mlinzi peke yake. Umeme ulikuwa umekatika, na mlinzi hakueleza alimtambua kwa mwanga gani. Ukurasa mmoja, sahihi, kwisha.

Nikanong'ona kwamba mimi nimeshapata makosa kumi na moja. Akanipigapiga kichwani kama mbuzi, akasema mdogo wangu, sheria tuachie wenyewe, wewe chemsha chai. Nikachemsha. Nikatia chumvi vijiko vitatu. Akanywa yote, akasifu!

Kisha akaniachia ukurasa wake niunakili, kwa sababu ya mwandiko wangu, nikausainishe gerezani. Unaanza hivi: "Hakimu alikosea kisheria na kiukweli." Nimeusoma mara tatu. Kumbe rufaa yenyewe ndiyo hiyo, kuonyesha hakimu alikosea wapi! Na Msomi kaona kosa moja. Mvivu!

Jumamosi, 8 Machi

Gerezani. Dakika kumi, wavu katikati. Kaka kanyolewa, masikio yamekuwa makubwa. Aliuliza kwanza kama Mama anakula. Nikasema anakula. Kisha nikatoa orodha yangu, tukanong'onezana. Askari alidhani tunasali, akatuachia dakika mbili zaidi.

Kaka alijibu kila swali bila kuuliza ya nini. Akasaini ukurasa wa mwisho mahali nilipoweka kidole. Hakuusoma. Alisema kichwa cha nyumba ile ni mimi. Nimelia njia nzima hadi nyumbani. Kwa hasira!

Jumatatu, 10 Machi

Imeingia! Sababu kumi na tisa, kurasa saba, mwandiko wa kutundika ukutani. Ya Msomi nimeiweka ya kumi na tisa, asije akasema nina roho mbaya. Nanakili humu ninazozipenda.

Sababu ya 4: Hakimu alikosea kusema kufuli lilikuwa moja. Yalikuwa mawili.

Sababu ya 7: Hakimu alikosea kusema yalivunjwa kwa nondo. Mrufani alitumia jeki ya gari.

Sababu ya 11: Hakimu alikosea kuamini kwamba mlinzi aliuona uso wa mrufani, ilhali mrufani alikuwa amevuta kofia hadi kidevuni, na matundu ya macho aliyatoboa yeye mwenyewe.

Karani alisoma ukurasa wa kwanza akiwa ameinua muhuri. Akashusha mkono. Akaniuliza, safari hii polepole, kama nyumbani kuna mtu mzima aliyeiona hii. Wivu! Nikamwonyesha muhuri kwa kidole. Akagonga huku akitikisa kichwa.

Alhamisi, 15 Mei

Leo rufaa imesikilizwa.

Wakili wa serikali alisimama akasema hakuja kuipinga rufaa. Ushahidi wa mlinzi gizani ni dhaifu, kwa hiyo anaunga mkono mrufani aachiwe. Aachiwe! Mama alinishika mkono akaubana mpaka pete yake ikanichimba. Msomi akanyoosha tai, kama vile kazi ni yake.

Jaji akasema ngoja kwanza. Wakili amefika sababu ya saba? Wakili akakiri kwamba alianzia mwisho. Jaji akaisoma ya saba. Akaisoma ya kumi na moja, mara mbili. Nyuma yangu mtu aliguna, kisha chumba kizima kikaangua kicheko. Msomi aliinama chini ya benchi kama kaangusha kitu.

Jaji akamuuliza Kaka kama maneno haya ni yake. Kaka alinitazama. Nilitaka kusimama. Nikabaki napekua mfukoni, natafuta kikaratasi cha kumwandikia jaji. Kaka akasema ndiyo, mheshimiwa, ni yangu.

Wakili akaomba kubadili msimamo. Rufaa ikatupwa. Mama aliuachia mkono wangu kidole kimoja kimoja.

Jumapili, 18 Mei

Msomi hasemi na mimi. Mama ananifunikia chakula mezani bila kuniita. Jana alikwenda gerezani peke yake, akarudi na salamu za Kaka: ananipenda sana, ila nisiandike tena, aandike Msomi. Maskini Kaka! Wamemtisha.

Mimi nimeshaona tulipoangukia. Kalamu haikuwa na kosa. Tulikosa shahidi! Juu ya jaji yule kuna mahakama nyingine, na shahidi ninaye: fundi wa gereji ya kona, rafiki wa Kaka. Maelezo yake nimemwandikia tayari, kwa lugha zote mbili. Kwamba alikuwa na Kaka mwanzo hadi mwisho. Kwamba yeye ndiye aliyeshika tochi, akimmulikia Kaka usoni muda wote. Na kwamba anaapa mlinzi alikuwa kalala.

Imebaki sahihi tu. Leo nimepita gereji mara mbili. Kila akiniona anaingia chini ya gari na kukaa huko. Sina haraka. Gari ni la mteja, na mteja kasema analifuata saa kumi.